Dakika 20 za kwanza za injini iliyosukwa upya

Kwenye droo ya meza yangu ya kazi kuna tapeti moja (kipande cha chuma kinachopokea msukumo wa kufungua valvu) iliyotoka kwenye injini ya zamani ya silinda nne. Ukiipitishia kidole upande wa chini, pale inapokutana na kamshafti, mhimili wenye nundu unaoisukuma, utahisi imebonyea kama kisahani. Nilipoitoa kwenye boksi lake ilikuwa imetuna kidogo mno, kiasi ambacho jicho halikioni. Haikufikisha hata kilomita 300. Kosa lilikuwa langu, na nililifanya siku ileile injini ilipowashwa kwa mara ya kwanza baada ya kusukwa upya.

Nilikuwa nimefunga distribyuta, inayogawia plagi cheche kwa zamu, nyuma mbele, nyuzi 180. Injini ikawa inapiga chafya kwenye kabureta na kukataa kushika. Badala ya kusimama nifikiri, nikaendelea kupiga stata. Betri ikachoka, nikaleta nyingine, nikabadilisha plagi ambazo hazikuwa na ubaya wowote. Saa nzima baadaye ndipo nikagundua, nikarekebisha, ikashika papo hapo. Furaha ikanizidi. Nikaiacha ingurume polepole bila kuikanyagia mafuta, tukaizunguka tukiisikiliza, eti bado changa, isije ikaumia.

Nilikuwa naiua. Beringi za krenki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, hupata oili kwa presha ya pampu, lakini katika injini nyingi za zamani nundu za kamshafti na tapeti zake hulowa kwa oili inayorushwa na krenki inapozunguka. Krenki ikizunguka polepole, hairushi kitu cha maana. Wakati huohuo nundu nyembamba ya chuma inasukumana na tapeti bapa, springi ya valvu inakandamiza kwa nguvu zote, na eneo linalogusana ni mstari mwembamba tu. Kinachopaswa kuziokoa ni mambo mawili: oili ya kutosha, na tapeti kuzunguka kwenye tundu lake. Nundu huchongwa kwa mteremko mdogo sana na chini ya tapeti huwa na mtuno, ili kila nundu inapopita iizungushe tapeti kidogo. Tapeti isipozunguka, inasagwa sehemu moja tu. Ikishaanza kusagika hairudi nyuma, na unga wake wa chuma unaingia kwenye oili kwenda kutafuta beringi ulizozilipia.

Ndiyo maana injini yenye tapeti bapa ikishika tu, huipandisha moja kwa moja hadi mizunguko 2,000 kwa dakika na kuishikilia kati ya hapo na 2,500 kwa dakika 20 hivi, nikiipandisha na kuishusha kidogo ndani ya kiwango hicho ili oili irushiwe pande zote. Masikio yatakataa. Mwenye gari atakushika mkono. Usishuke. (Injini zenye tapeti za rola hazihitaji haya; zenyewe zinabingirika.)

Sasa, ili injini ishike ndani ya sekunde chache na kwenda moja kwa moja kwenye mizunguko hiyo, kila kitu lazima kiwe kimeshamalizwa kabla hujagusa ufunguo. Kila sekunde ya stata inafuta ile pesti nyeusi ya molibdenamu uliyopaka kwenye nundu wakati wa kufunga, nayo ndiyo kinga pekee iliyopo mpaka oili ifike.

Naanza na oili yenyewe. Kwa kazi hii natumia oili ya madini, isiyo ya sintetiki, yenye zinki na fosforasi ya kutosha. Viwango vya kisasa vya oili nyepesi za petroli, kama 5W-30, huweka kikomo cha fosforasi kwenye asilimia 0.08 ili kulinda kikatalisti cha ekzosi, kile kinachosafisha moshi. Gari la zamani halina kikatalisti, lina tapeti bapa, na fosforasi hiyo ndiyo inayojenga utando juu ya chuma pale oili inapobanwa ikatoka. Kwa hiyo oili ya bei ghali iliyotengenezwa kwa gari la mwaka huu inaweza kuwa ndiyo mbaya kuliko zote kwenye rafu.

Halafu naijaza injini oili kabla haijazunguka. Kama pampu inaendeshwa na mhimili wa distribyuta, kama ilivyo kwenye V8 nyingi za Chevrolet, unatoa distribyuta, unashusha fimbo iliyofungwa kwenye drili, unazungusha mpaka geji ipande na oili ianze kuchuruzika kwenye roka, vile vikono vinavyobonyeza valvu. Kama pampu imeunganishwa na ncha ya kamshafti, kama kwenye injini ndogo ya Morris Minor na Mini, njia hiyo haipo. Hapo naunganisha mtungi wa oili wenye hewa iliyogandamizwa pale inapokaa swichi ya presha, nasukuma oili kutoka nje. Usipokuwa na mtungi, toa plagi zote ili krenki izunguke bila mzigo, piga stata kwa vipande vifupi, angalia geji. Ukiwa umeipakia pampu vaselini wakati wa kuifunga, itavuta mapema. Vaselini, si grisi: grisi nzito inaweza kuziba njia.

Taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, naimaliza injini ikiwa imelala. Alama kwenye puli ya krenki hufika mahali pake mara mbili katika kila mzunguko kamili wa kazi, na ni mara moja tu ambapo silinda ya kwanza iko kwenye kompresheni. Hapa ndipo nilipoangukia. Weka kidole kwenye tundu la plagi ya kwanza, mtu azungushe krenki kwa spana. Hewa ikikusukuma kidole, hiyo ndiyo yenyewe. Kwenye injini ya silinda nne inayowaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2 kuna uthibitisho mwingine: silinda ya kwanza ikiwa tayari kuwaka, valvu za silinda ya nne zinapishana, moja ikimalizia kufunga na nyingine ikianza kufunguka. Kisha chukua balbu ndogo ya kupimia, unganisha waya mmoja kwenye terminali ya distribyuta na mwingine kwenye bodi, washa swichi ya ufunguo. Zungusha distribyuta taratibu mpaka balbu iwake. Pale inapowaka ndipo pointi, swichi ndogo iliyo ndani ya distribyuta, zinapofunguka na cheche inaruka. Kaza hapohapo. Imenichukua miaka kuamini kwamba balbu ya bei ndogo hivyo inaweza kuniwekea taimingi ya kutosha injini ishike kwa mguso wa kwanza.

Pampu ya petroli ya kimakanika inaweza kuzungushwa muda mrefu kabla haijajaza kabureta, na muda huo wote ni stata inapiga. Mimi najaza bakuli la kabureta kwa sindano kubwa ya plastiki. Petroli iwe mpya. Ile iliyolala kwenye tangi tangu gari lilipoegeshwa iachie kazi ya kusafishia vyuma.

Jambo moja dogo ambalo limewasumbua wengi: waya wa athi kati ya injini na bodi. Bodi imepakwa rangi mpya, injini imepakwa rangi mpya, bolti imekazwa juu ya rangi. Umeme wa stata utatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na mara nyingi njia hiyo ni kebo ya choki. Nimewahi kuona kebo ya choki ikianza kutoa moshi ndani ya gari huku fundi akishangaa kwa nini stata inazunguka kwa uvivu. Kwangurua rangi mpaka chuma king'ae.

Maji yajazwe huku valvu ya hita ikiwa wazi, hewa ipate pa kutokea. Milango ya gereji iwe wazi, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu kiasi cha kuufikia bila kuzunguka gari. Na uwe na mtu wa pili. Kazi yake ni moja tu, kuangalia geji ya oili na kuita. Presha isipoonekana ndani ya sekunde 10, zima bila kujadiliana.

Ikishashika, moshi utakuja. Oili ya kufungia inaungua kwenye silinda, rangi inaungua kwenye ekzosi, gereji nzima itanuka. Hilo halinishtui. Ninachotafuta kwa tochi ni petroli inayodondoka, maji yanayotoka, na geji ya joto inayopanda bila kusita. Kikitokea chochote kati ya hivyo, zima injini, rekebisha, washa tena, endelea na dakika zilizobaki.

Dakika 20 zikiisha nazima, naiacha ipoe kabisa. Napima upya nafasi za valvu, na kama gasketi ya hedi ni ya aina inayotaka kukazwa tena, nakaza kwa spana ya torki kwa mpangilio wa kitabu. Namwaga oili, ingawa kila mwenye gari hulalamika kwamba bado mpya. Filta naikata, natandaza karatasi yake kwenye gazeti, naipitishia sumaku. Utepe wa kijivu kama matope laini ni kawaida. Ni pesti na vumbi la ringi za pistoni zinazokaa kwenye silinda. Vipande vinavyometameta na kurukia sumaku ni kamshafti inayoondoka.

Karatasi ikiwa safi, naweka oili mpya na kulitoa gari barabarani siku hiyohiyo, maana ringi nazo hazikai kwa kunguruma mahali pamoja. Zinahitaji mzigo: gia ya juu, kanyaga kutoka kilomita 50 hadi 80 kwa saa, achia mguu injini ijishushe yenyewe, kanyaga tena. Mara kumi hivi. Mwenye gari akae kiti cha abiria, aendelee kuangalia ile geji.