Je, wajua? Mafundisho ya Kikristo yanasemaje juu ya wokovu wa Mwislamu?

Muumini wa Minara Miwili, kanisa kuu la Kikatoliki la Mji Mkongwe, Zanzibar, akiulizwa na jirani yake Mwislamu, "Kwa dini yenu, mimi naweza kuokoka?", Kanisa Katoliki limempa jibu la maandishi tangu tarehe 21 Novemba 1964: anaweza. Kifungu cha 16 cha Lumen Gentium, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mtaguso ni mkutano mkuu wa maaskofu), kinawataja Waislamu kwa jina kuwa wamo katika mpango wa wokovu, kwani wanamwabudu Mungu mmoja, mwenye rehema, atakayewahukumu wanadamu siku ya mwisho.

Jibu hilo lina masharti, na hayo ndiyo watu huyaruka. Mtu awe hakuijua Injili wala Kanisa pasipo kosa lake. Amtafute Mungu kwa moyo mnyofu. Tena, kwa msaada wa neema, atende lile ambalo dhamiri yake inamwonyesha kuwa ndilo analolitaka Mungu. Na akiokoka, aliyemwokoa ni Kristo. Anayesema Vatikano imefundisha kwamba dini zote ni njia sawa amekosea: hati yake ya mwaka 2000, Dominus Iesus, ililikataa wazo hilo waziwazi.

Sharti la kwanza ndilo zito hapa Unguja. Mtoto wa Mji Mkongwe hukua akisikia adhana na kengele, na Yesu anamjua kama Nabii Isa. Je, huyo "hakuijua" Injili? Wanateolojia wengi wa Kikatoliki hutenganisha kusikia na kusadiki: neno laweza kuishia masikioni, hasa kama aliyelileta alimuumiza msikilizaji. Papa Pius IX alisema mwaka 1854 kwamba hakuna awezaye kuiwekea mipaka hali hiyo ya kutojua, kwa jinsi watu na nchi wanavyotofautiana. Kwangu hilo ndilo la msingi, maana linamnyang'anya jirani kazi ya kuhukumu.

Kwa nini basi Mtaguso wa Firenze, mwaka 1442, ulitamka kwamba wapagani na Wayahudi wataangamia wasipojiunga na Kanisa kabla ya kufa? Wakati ule Wakristo wa Ulaya walidhani Injili imeshafika kila mahali, hivyo asiyeamini amekataa kusudi. Safari za kuvuka Atlantiki kuanzia 1492 ziliivunja dhana hiyo.

Waanglikana, wenye kanisa kuu Mkunazini, wanayo Ibara ya 18 kati ya zile 39 za imani yao: inamlaani anayedai kwamba mtu huokolewa na dini yoyote aishikayo, mradi aifuate kwa bidii. Walokole nao hushika Matendo 4:12, "Wala hakuna wokovu katika mwingine awaye yote," na wengi wao husema lazima mtu amwamini Yesu kwa kumjua. Wanaopingana nao humtaja Ibrahimu, aliyehesabiwa haki kabla jina la Yesu halijatajwa duniani. Walokole hujibu kwamba Ibrahimu alipewa ahadi, naye akaiamini.