New York ilipoajiri bila mtihani

Jimbo la New York lilipoanzisha mpango wa NY HELPS mwaka 2023, likaanza kujaza nafasi nyingi za utumishi wa serikali bila mtihani, wengi walisema viwango vimeshushwa. Mimi kazi yangu ni masuala ya ajira, na naona kilichokuwa kikiwafukuza watu ni kusubiri, wala si ugumu wa maswali.

Kwa utaratibu wa kawaida wa mtihani, mwombaji hana la kufanya mpaka mtihani wa cheo anachokitaka utangazwe. Akishaufanya, anakaa miezi akingoja matokeo. Akifaulu, jina lake linaingia kwenye orodha inayoweza kutumika hadi miaka 4. Nafasi ikipatikana, ofisi inawaandikia walio juu, kisha inachagua mmoja kati ya watatu wenye alama kubwa wanaoitaka kazi hiyo. Barua inapomfikia, mara nyingi ameshaajiriwa kwingine. Kodi ya nyumba haingoji.

Linaloniuma zaidi ni la wale wa muda. Pasipokuwa na orodha, ofisi huruhusiwa kumchukua mtu kwa muda. Anajifunza kazi, anaimudu, wenzake wanamtegemea. Mtihani unakuja, anafaulu, lakini alama zake hazimfikishi huko juu. Analazimika kumpisha mgeni ambaye hajui hata faili zinakaa kabati gani.

Chini ya mpango wa NY HELPS, mwenye elimu na uzoefu uliotakiwa aliajiriwa moja kwa moja, na baadaye aliweza kuthibitishwa bila kukaa kwenye chumba cha mtihani. Sifa za msingi hazikuguswa. Baadaye serikali za mitaa nazo zikaruhusiwa kuutumia.

Hata hivyo, mtihani ulikuwa na sababu yake. Zamani kazi za serikali ya Marekani zilikuwa fungu la wapambe wa chama kilichoshinda. Mwaka 1881 Charles Guiteau, aliyejiona anastahili kupewa ubalozi mdogo, alimpiga risasi Rais James Garfield, ambaye baadaye alifariki. Mwaka 1883 zikapitishwa sheria mbili, ya taifa na ya New York, na mwaka 1894 katiba ya jimbo ikaagiza ajira ifuate sifa na uwezo, vipimwe kwa mtihani kadiri inavyowezekana.

Ukiuondoa mtihani, uamuzi unabaki mikononi mwa msimamizi, na hapo ndipo vimemo hupenya. Kwa hiyo ningetaka kila mwombaji apewe alama za elimu na uzoefu, usaili ufanywe na jopo kwa maswali yaleyale, na anayekosa kazi awe na haki ya kuona alama zake. Mitihani itakayobaki ifanyike mara kwa mara kwa kompyuta. Na wale ambao majina yao bado yako kwenye orodha hai, waliosoma wakafaulu, waulizwe kwanza kabla nafasi haijatangazwa kwa wengine.