Nyumba ya Nabii Ibrahim: tunayoyasema na yaliyoandikwa

Siku ya tatu ya Idi kubwa nilikuwa barazani Langoni, hapa Lamu, kikombe cha kahawa mkononi, nikasikia tena maneno niliyoyachoka. Kijana mmoja niliyemsomesha mwenyewe alikuwa amembana seremala Mkristo wa kutoka Mpeketoni, wakibishana ni mwana gani Nabii Ibrahim aliamrishwa amchinje. "Kitabu chenu kimegeuzwa. Qur'ani imesema waziwazi kuwa wa kuchinjwa alikuwa Ismail." Seremala naye hakukubali kushindwa: "Nyinyi ndio mliobadilisha jina. La kwanza lilikuwa Isaka." Wote wawili wana simu mfukoni zenye vitabu vyote viwili, na hakuna aliyeigusa yake.

Huu ni mwaka wa kumi na tisa nafundisha watu kulinganisha Taurati, Injili na Qur'ani, na kila Idi mzozo ni huu huu. Basi nauandika, labda utanipa nafasi ya kunywa kahawa.

"Qur'ani imemtaja Ismail katika kisa cha kuchinja"

Haikumtaja. Fungua Surat As-Saffat, anza aya ya 99, maliza ya 113, wala usiruke. Ibrahim aomba mwana mwema, abashiriwa kijana mpole. Kijana akua, afikia umri wa kutembea na babake kazini. Baba aota anamchinja, amweleza mwanawe, naye ajibu: baba, fanya ulivyoamrishwa. Alazwa kifudifudi, akombolewa kwa dhabihu kubwa. Jina la kijana halimo. Hata kondoo hakutajwa. Yule dume aliyenaswa pembe zake kichakani ni wa kitabu cha Mwanzo, sura ya 22, katika Taurati. Kama tafsiri yako ina jina ndani ya mabano, mabano hayo ameyatia mfasiri.

Mara ya kwanza niliposema haya darasani, mwanafunzi mmoja alikunja msala wake akataka kutoka. "Maalim, watutoa dini?" Keti, mwanangu. Mimi mwenyewe naamini ni Ismail, na sababu ninazo, ila sababu ni hoja, si nukuu. Tazama: bishara ya Is-haka, ndiye Isaka wa Biblia, yaja aya ya 112, kuchinja kumeshakwisha. Tena Surat Hud, aya ya 71, mkewe Ibrahim abashiriwa Is-haka na, baada ya Is-haka, Yaakub. Baba ataahidiwaje mjukuu, kisha aamrishwe kumchinja atakayemzaa mjukuu huyo? Ibn Kathir, mfasiri wa Qur'ani aliyefariki mwaka 1373, alisimama hapo kwa miguu miwili. Lakini Tabari, aliyefariki mwaka 923, ambaye hakuna mwanachuoni wa tafsiri asiyemrejea, alizipima riwaya za pande zote mbili akaona ni Is-haka. Je, naye alikuwa ametolewa dini? Kijana aliufungua msala wake akaketi. Hakuniangalia usoni wiki nzima.

Sasa nije kwa seremala. Kitabu chake ndicho chenye jina, tena bila kificho: "Umchukue mwanao, mwana wako wa pekee, umpendaye, Isaka." Hapo jamaa zetu hulidaka neno "wa pekee". Ishmaeli alizaliwa babake ana miaka 86, Isaka akazaliwa babake ana miaka 100. Wa pili atakuwaje wa pekee? Swali ni zuri, lakini usidhani umelivumbua wewe. Wayahudi walikuwa wakilichambua kabla babu yako hajajenga nyumba Mkomani. Rashi, mfasiri wao wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, aleta mapokeo ya kale ambamo Ibrahimu ajibizana na Mola wake neno kwa neno. Mwanao. Wanangu ni wawili. Wa pekee. Huyu ni wa pekee kwa mamake, na yule ni wa pekee kwa mamake. Umpendaye. Nawapenda wote. Ndipo lilipotamkwa jina: Isaka. Ukiyasoma wamwona mzee akitafuta mlango wa kuponyokea, na kila mlango wafungwa mbele yake.

Kwa hiyo seremala naye amekosea: jina ambalo halikuandikwa halibadilishwi. Na anayefikiri Wayahudi wamemficha Ishmaeli, mtoto wa Hajiri (Hajar kwetu), ajue kwamba kwenye sikukuu yao ya Rosh Hashanah husoma habari za wana wote wawili: siku ya kwanza Mwanzo 21, Hajiri akifukuzwa na mwanawe, siku ya pili Mwanzo 22, Isaka akifungwa juu ya kuni.

Dawa yangu ni moja, na wanafunzi huicheka. Chukua karatasi, ipige mistari iwe na safu tatu: kilichoandikwa kitabuni, kilichopokewa na wanavyuoni, nilichosikia barazani. Safu ya tatu ndiyo hujaa kwanza.

"Kisa cha Hajar kimo chote ndani ya Qur'ani"

Jina lake halimo, wala la Sara, mamake Isaka. Safa na Marwa zimetajwa, lakini mama akikimbia baina yake na maji ya Zamzam yakibubujika ni hadithi ya Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, iliyo katika mkusanyo wa Bukhari. Ndani ya hadithi hiyo Ismail angali ananyonya. Ndani ya Mwanzo 21, ukipiga hesabu, amepita miaka 14. Basi ile picha ya kalenda, mama jangwani na mtoto mchanga, chini imeandikwa Mwanzo 21, ingefaa kushushwa ukutani.

"Biblia imemlaani Ishmaeli, imemwita punda"

Imemwita punda-mwitu, na hapa Lamu tuna haki ya kujua tofauti. Wetu twamwona kila asubuhi gatini, makanda ya mchanga ubavuni na kijana nyuma na fimbo. Punda-mwitu hana mwenyewe. Kitabu cha Ayubu, sura ya 39, chamsifu kuwa ameachwa huru na azicheka kelele za mji. Kwa mjakazi wa Kimisri aliyetoroka, kuambiwa mwanao hatapakiwa mzigo na mtu si matusi. Na Mwanzo 17:20 yampa baraka na "maseyidi kumi na wawili". Neno ni hilo hilo, maseyidi. Kasome.

"Kuvunja masanamu kumo ndani ya Taurati"

Hakumo. Kumo ndani ya Surat Al-Anbiyaa, na Wayahudi wanacho kisa kinachokaribiana nacho katika Bereshit Rabba, ambayo ni midrashi, yaani mapokeo yao ya kueleza Mwanzo, si Taurati yenyewe. Babake Ibrahim ni Tera katika Taurati, Azar katika Qur'ani. Tuendelee.

"Ibrahim alikuwa na wana wawili tu"

Wanane. Mwanzo 25: Sara ameshakufa, Ibrahimu amwoa Ketura, naye amzalia sita, mmoja wao Midiani. Mlango huo huo, aya ya 9, wamzika babao katika pango la Makpela Isaka na Ishmaeli, bega kwa bega. Aya hiyo sijamsikia mtu akiitaja kwenye ugomvi wowote.

Huyo Ketura ni nani? Rashi asema ni Hajiri mwenyewe kwa jina jingine, ingawa wako wafasiri wa Kiyahudi wasiokubali. Tena asema aliyekwenda kumleta ni Isaka. Niliposoma hapo darasani, bibi mmoja wa Shela, ambaye huja na mahamri yake na kwa kawaida husinzia, alifumbua macho.

"Ngoja, Maalim. Aliyekwenda kumrejesha ni mwana wa mke mwenziwe?"

Naam, Bi mkubwa.

"Basi soma tena, na polepole."