Marejeo ya makala ya tiba: namba au alfabeti?

Kila msimu wa tasnifu, magrupu ya wanafunzi wa tiba hapa Dodoma huletewa tena meseji ileile: "Panga marejeo kwa alfabeti, la sivyo jarida litakataa makala yako." Kwa majarida mengi ya tiba, si kweli.

Mengi hufuata mtindo wa Vancouver, uliopata jina kutoka mji wa Kanada ambako wahariri wa majarida walikutana mwaka 1978. Humo chanzo hupewa namba kwa kadiri kinavyotajwa: cha kwanza 1, kinachofuata 2. Ukikitaja tena kile cha kwanza ukurasa wa tisa, kinabaki 1. Jina la mwandishi huandikwa Mushi JA, bila nukta wala mkato katikati.

Mkanganyiko unaeleweka. Tasnifu nyingi hutaja chanzo kwa jina la mwandishi na mwaka badala ya namba, na orodha ya namna hiyo kweli hufuata alfabeti. Mtu huihamisha ilivyo kwenye makala ya jarida (hata mimi nimewahi, usiku, kwa haraka).

Kuhakiki hakuchukui muda. Soma maelekezo kwa waandishi ya jarida lenyewe, kisha fungua makala yake ya karibuni utazame utangulizi: ukikuta (1), halafu (2,3), umeshajua kwamba linatumia namba. Meseji ile ikiingia tena, usiisambaze. Mtumie aliyeileta kiungo cha maelekezo hayo.