Ukishauliza, Nyamaza

Nafundisha Kiswahili katika chuo cha ualimu mashariki mwa Uganda, na kila mwaka nakwenda kuwakagua wanachuo wangu wakiwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Nakaa dawati la nyuma na daftari langu. Ninachokisikia kuliko kingine chochote ni hiki: "Neno hili liko katika ngeli ya nini? Ya nini? Ya Ki-Vi." Mwalimu anauliza na kujijibu kwa pumzi hiyohiyo, na darasa zima linaitikia ule mkia: "Viii!" Hapa kwetu tumezoea kusema hivyo hata nje ya darasa. Sentensi inakatwa katikati, inachomekwa "nini?", kisha inaendelea.

Wanachuo hawa hawakuitoa hewani tabia hiyo. Wametuona sisi wahadhiri tukiifanya kwa miaka yao yote chuoni. Tangu 2020 mtaala mpya wa sekondari ya chini unawataka wanafunzi watende na wafikiri, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kwa hiyo mwalimu ninayemfundisha leo atasimama mbele ya watoto wengi sana. Namna anavyoulizwa maswali kwangu ndiyo atakayokwenda nayo kwao.

Tuanze na swali lenyewe. Zamani nilikuwa nauliza: "Kiboko ni ngeli gani?" Mikono ilikuwa inapanda haraka, jibu lilikuwa sahihi, nami nilikuwa naendelea na somo nikiamini mambo yamekwenda vizuri. Siku hizi naandika ubaoni sentensi mbili: *Kiboko mrefu amelala* na *Kiboko kirefu kimelala*. Halafu nauliza: "Zote mbili ni sahihi. Tunazungumzia nini katika kila moja, na umejuaje?" Mtu hawezi kujibu hilo kwa kukariri jedwali la ngeli. Lazima agundue kwamba wa kwanza ni mnyama wa ziwani na cha pili ni mjeledi, na kwamba Kiswahili kinatazama kwanza kama kitu kina uhai, ndipo kitazame kiambishi cha jina. Swali halikuongezwa ugumu. Limenyimwa njia ya mkato tu.

Sasa kunyamaza. Hapa ndipo wengi wetu tunaharibu, na mimi niliharibu kwa miaka mingi. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda nyingi za masomo ya sayansi zilizorekodiwa madarasani. Akakuta kwamba mwalimu akishauliza, husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kurudia swali, kumwita mwingine au kujijibu. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, wasiojibu kabisa wakapungua, na wanafunzi waliokuwa kimya siku zote wakaanza kusema. Alionyesha pia pengo la pili ambalo tunalisahau: ule muda baada ya mwanafunzi kumaliza kusema. Ukidakia hapohapo kwa "vizuri sana!", umemfungia mlango mwenye la kuongeza.

Sekunde 3 ukiwa umesimama mbele ya watu 120 ni ndefu mno. Mimi naweka chaki mezani. Mkono ukiwa mtupu, sina cha kuandika wala cha kuchezea, basi nasubiri. Wanachuo wangu wakiona chaki imewekwa, wanajua kweli nataka jibu lao.

Na jina lije mwisho. Ukisema, "Wewe, dada wa pale dirishani, kwa nini tunasema kiboko mrefu?", wengine 119 wamepumzika kabla swali halijaisha. Uliza kwanza, subiri, ndipo umwite mtu. Darasa likiwa kubwa sana, mwambie kila mmoja aandike jibu lake, kisha amweleze aliyekaa naye kwa nini anaona hivyo. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alianza kufundisha kwa mtindo wa namna hii mwaka 1991: wanafunzi wanachagua jibu, wanajadiliana na jirani, wanachagua tena. Hauhitaji mtambo wowote. Vidole vilivyoinuliwa kifuani kuonyesha namba ya jibu vinatosha.

"Mmeelewa?" sitalizungumzia sana. Jibu lake ni "Ndiyo, mwalimu" hata kama hakuna aliyeelewa, maana kumwambia mkubwa "hatukuelewa" ni kama kumwambia hakufundisha. Adabu hiyo siilaumu. Nimeacha tu kuuliza.

Kuna kosa moja linaniuma mpaka leo. Wanachuo wengi walikuwa wananiandikia "mbwa kubwa", nami nikatunga swali nililolipenda: "Kwa Luganda tunasema *embwa ennene*, kwa Kiswahili *mbwa mkubwa*. Kiswahili kimeona nini ambacho Luganda haikijali?" Upande wa wasemaji wa Luganda na Lusoga darasa lilichangamka. Vijana watatu kutoka Soroti waliinamia madaftari yao. Wao ni Wateso, na lugha yao haina ngeli kama zetu za Kibantu. Swali langu lilikuwa limewaacha nje, nao ndio walioihitaji ngeli kuliko wote. Juma lililofuata niligeuza: "Katika lugha ya nyumbani kwenu, ukisema *mbwa mkubwa*, neno la *mkubwa* linafuata nini?" Mmoja wao akasimama na kueleza kwamba kwao majina yana jinsi, kama vile ya kiume na ya kike. Tulikaa juu ya jibu lake karibu nusu saa, na wale wa Luganda ndio waliokuwa wakiuliza.

Mwishoni mwa kipindi hicho binti mmoja aliyekaa nyuma, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, akainua mkono. "Mwalimu, kama chenye uhai kinafuata M-Wa, mbona tunasema *rafiki mkubwa* lakini *rafiki yangu*? Kwa nini si *rafiki wangu*?"

Jibu nilikuwa nalo: *baba yangu, dada yangu, jirani yangu*, majina mengi ya watu wetu wa karibu yana njia yake kwenye vimilikishi. Nikaweka chaki mezani. Kutoka upande wa dirisha mtu akaanza polepole, "Hata *mama yangu*…", na jirani yake akamgeukia.