Mkia wa kometi haufuati nyuma

Wengi tukiona picha ya kometi, ile nyota yenye mkia, tunadhani mkia unaburutwa nyuma kama vumbi la gari barabarani. Sivyo. Huko juu hakuna hewa ya kuusukuma nyuma. Anayeusukuma ni Jua.

Kometi ni donge la barafu na vumbi. Ikikaribia Jua, barafu hugeuka gesi moja kwa moja bila kuwa maji kwanza, na vumbi hufumuka nayo. Gesi iliyochajiwa (yenye chaji ya umeme) hupeperushwa na upepo wa Jua, yaani mkondo wa chembe ndogo zinazotoka kwenye Jua, unaokwenda kwa takriban kilomita 400 kwa sekunde, ikawa mkia mwembamba wa buluu. Vumbi husukumwa na mwanga wenyewe (ndiyo, mwanga una msukumo, ingawa mdogo mno), nalo hujipinda likiwa jeupe au manjano. Kometi ya Hale-Bopp, mwaka 1997, ilionyesha mikia yote miwili waziwazi.

Sasa kichekesho: kometi ikishalizunguka Jua na kuanza safari ya kurudi mbali, mkia wake wa gesi hutangulia mbele, mwili ukifuata. Peter Apian, mwanaastronomia Mjerumani, aligundua tangu 1531 kwamba mkia hulipa Jua kisogo.