Kwa nini helikopta ya wagonjwa haiendewi kwa nyuma?

Helikopta imeshatua. Mgonjwa yuko kwenye machela, kila mtu ana haraka, halafu mhudumu mmoja ananyoosha mkono kuwazuia wenzake wasisogee. Anayetazama kwa mbali atadhani ni urasimu. Kumbe wanasubiri rubani awaone na kuwaonyesha dole gumba. Kabla ya hapo, hakuna anayekanyaga eneo la mapanga.

Hatari kubwa iko mkiani. Rafadha ya juu, yaani yale mapanga yanayozunguka, huzunguka mara 400 hivi kwa dakika, na ukitazama utaona walau duara la kijivujivu. Ile ndogo ya mkiani, kwenye helikopta nyingi nyepesi, hupita mara 2,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo jicho halishiki kitu: unaona majani ya upande wa pili kana kwamba katikati hapana chochote. Masikio nayo hayakusaidii, maana kelele ya injini imefunika kila sauti. Mara nyingi rafadha hiyo iko usawa wa kichwa au kifua cha mtu, na rubani hana namna ya kuona nani amepita huko.

Lakini haiwezi kuondolewa hivi hivi. Rafadha ya juu ikizunguka upande mmoja, mwili wa helikopta nao hutaka kuzunguka upande mwingine, na ile ya mkiani ndiyo inayouzuia.

Ndiyo maana helikopta huendewa kwa mbele au ubavuni, mahali ambapo wewe na rubani mnatazamana. Sasa kuna jambo linalowachanganya wengi: helikopta kadhaa za wagonjwa, kama BK117 na H135, hupakia machela kwa milango ya nyuma, chini kabisa ya mkia! BK117 imeinuliwa rafadha yake ya mkiani, na ya H135 imezungushiwa kingo. Hata hivyo, huendi huko peke yako. Unamfuata mhudumu wa helikopta, mnapita ubavuni, mnapakia, mnarudi kwa njia ile ile. Hatua chache kupita mlango ule, hakuna anayekulinda.

Na kule kuinama? Wengi huinama wakati helikopta inanguruma, kisha hunyooka wakisikia injini inazimwa. Ni kinyume. Mapanga yakizunguka kwa kasi, mzunguko wenyewe huyavuta nje yakanyooka. Yakipunguza mwendo hulegea na kuning'inia, na upepo ukivuma ghafla ncha inaweza kushuka hadi usawa wa kichwa. Penye mteremko, hatari iko upande wa juu, kwa kuwa huko ardhi imeyasogelea mapanga. Nenda na urudi kwa upande wa bonde.

Kwangu mimi, kitu kinachodharauliwa kuliko vyote ni shuka. Upepo wa rafadha huinua shuka ambalo halikufungwa, na likivutwa juu kwenye mapanga au likamezwa na injini, safari imekwisha. Kofia, blanketi, kigodoro cha machela, vyote hufungwa au huachwa nyuma. Dripu nayo haiinuliwi juu kama wodini. Mfuko hulazwa juu ya mgonjwa, na chuma chake hubebwa kikiwa kimelala. Mgonjwa mwenyewe hufungwa mikanda na kuzibwa masikio kabla hajasogezwa.

Usiku, tochi ielekee chini. Macho ya rubani yakipigwa mwanga mkali, huenda yakahitaji hata nusu saa kuzoea giza tena. Aliyeko chini ana kazi nyingine: kumwambia rubani nyaya za umeme ziko wapi, maana kutoka angani hazionekani kirahisi.

Vumbi likikuingia machoni ukiwa chini ya mapanga, usitembee kwa kupapasa. Chuchumaa hapo hapo, utulie, mpaka mtu akushike mkono.